Kizungu cha vitabu vya kale: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi husoma vitabu vya Kizungu vya zamani pamoja na watu wa hapa Mombasa, jioni jioni. Wengine ni wanafunzi wa sekondari, wengine wanatembeza watalii Fort Jesus na Mji wa Kale, na kuna kina mama ambao walipenda kusoma tangu wadogo halafu maisha yakawavuta kwengine. Maswali yanayorudi ni yaleyale, kwa hivyo nimeyaweka hapa na majibu yangu, mengine marefu mengine mafupi manake si yote yana uzito sawa.

Kwani haya maneno yana faida gani siku hizi?

Kama shida yako ni barua ya kazi au kuongea na mteja, faida si kubwa, usijisumbue, jifunze Kizungu cha leo na kitakutosha. Haya ni ya mtu anayetaka kusoma, yaani anafungua riwaya ya miaka 150 iliyopita anaona stori ni tamu lakini kila mstari kuna neno linamkwamisha.

Ila kuna faida moja ambayo sisi watu wa pwani tunaijua vizuri, karatasi za ardhi. Chukua hati ya zamani ya shamba ama nyumba uisome, utakutana na "aforesaid", "thereof", "messuage", "appurtenances". "Messuage" ni nyumba pamoja na kiwanja chake na vibanda vilivyomo, na "appurtenances" ni vyote vinavyoandamana na hiyo mali, kama haki ya kupita njia au kuteka maji. Hilo neno moja linaweza kuwa ndo kisima chenu. Watu wametia dole gumba kwenye karatasi za namna hiyo bila kujua kilichoandikwa, na mimi naona kuyajua maneno haya ni kinga kabisa, hata kama wakili utamtafuta baadaye.

Nianze na kitabu gani?

Usianze na Shakespeare. Najua ndo jina kila mtu analijua, lakini yeye alizaliwa 1564 akafa 1616, ukianzia kwake ni sawa na mtu hajui kuogelea anarukia penye kina. Anzia maji ya kifundo cha mguu. Hadithi fupi za upelelezi za Arthur Conan Doyle zilianza kutoka kwenye jarida London mwaka 1891, zile zinasomeka, kila moja unaimaliza kwa siku moja au mbili, na maneno ya kizamani yamo ya kutosha kukupa mazoezi. Ukishazizoea rudi nyuma kidogo kwa Charles Dickens, halafu Jane Austen ambaye ni wa mwanzo wa miaka ya 1800, halafu Daniel Defoe wa 1719, na mwisho ndo unafika kwa Biblia ya Kiingereza ya 1611 na huyo Shakespeare. Yaani unashuka ngazi moja moja, na kila ngazi inakutayarisha kwa ile ya chini yake.

Mbona maneno yote kwenye sentensi nayajua lakini maana haiji?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote hapa, nikitoa jibu refu unisamehe.

Neno usilolijua si hatari, manake unaliona, unasimama, unatafuta kamusi. Hatari ni lile neno unalodhani unalijua, unalipita kama rafiki kumbe ni mtu mwengine amevaa nguo za rafiki yako. Maneno yanahama maana. Kwetu pia ni hivyo hivyo, mtoto wa leo akisikia jina la Mwana Kupona anaweza kudhani huyo alikuwa mtoto wa mtu fulani, kumbe "Mwana" hapo ni heshima ya bibi mwenye cheo chake.

Sasa tazama "want". Leo ni kutaka. Kwenye vitabu vya kale mara nyingi ni kukosa, "the house wants a roof" ni kwamba nyumba haina paa. "Let" leo ni kuruhusu, lakini zamani kulikuwa na "let" nyengine kabisa iliyomaanisha kuzuia, na imebaki mpaka leo kwenye pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance", yaani mwenye pasipoti apite bila kizuizi. Ukiisoma kwa maana ya leo umeigeuza juu chini. "Prevent" leo ni kuzuia, kwenye Biblia ya 1611 ni kutangulia, manake Kilatini chake ni kuja mbele. "Suffer" humohumo ni kuruhusu, wale watoto waliokuwa "suffered" kuja kwa Yesu hawakuteswa na mtu, waliachiwa waje.

"Nice" ilitoka kwa neno la Kilatini la asiyejua, ikapita kwenye upumbavu, ikapita kwenye uchaguzi na umakini, ndo ikafika kwenye uzuri, kwa hivyo "a nice distinction" kwenye kitabu cha kale ni tofauti nyembamba inayotaka jicho kali. "Awful" ilikuwa kitu cha kutia hofu ya heshima, kama ile unayoipata ukisimama mbele ya bahari usiku. "Discover" mara nyingi ni kufichua au kumwonyesha mtu. "Living" inaweza kuwa kazi ya kasisi pamoja na mapato yake. Na "make love", hii wanafunzi huwa wanafunga kitabu kwa aibu, kwenye riwaya za zamani ni maneno tu ya kutongoza, jamaa amekaa sebuleni na wazazi wa msichana wako palepale.

"Presently" ilikuwa sasa hivi kabisa, leo kwa Waingereza ni baada ya muda kidogo. "Soon" ilifanya hivyohivyo, mwanzo ilikuwa papo hapo. Ni kama "sasa hivi" yetu ambayo imelegea, mtu anakwambia anakuja sasa hivi na bado yuko ng'ambo ya Likoni. Lugha zote zinalegeza maneno ya haraka, hilo huwa linanifurahisha sana.

Mbili za Jane Austen zinahitaji pumzi. "Condescension" leo ni dharau, mtu anaongea na wewe kama mtoto. Kwake yeye ilikuwa sifa, mtu wa cheo kikubwa anajishusha na kuongea vizuri na wa chini. Na "candour", leo ni kusema ukweli bila kuficha hata ukiuma. Zamani zile ilikuwa karibu kinyume, ni kumdhania mtu mema, kutafuta udhuru wa makosa yake kabla ya kumhukumu. Mzizi wake ni neno la Kilatini la weupe. Sisi tunasema fulani ana moyo mweupe, na sijaona kamusi ya Kizungu iliyoieleza "candour" ya zamani vizuri kuliko hayo maneno mawili yetu.

Kwa hivyo ukiona sentensi ya maneno mepesi haileti maana, usijilaumu na usisonge mbele. Rudi uulize ni neno gani hapa linanidanganya.

"Thou", "thee", "hath", "doth", hizi nazikariri vipi?

Usizikariri kama listi, wewe una Kiswahili, hii kazi umeshaifanya. Kizungu cha leo hakitofautishi wewe na nyinyi, wote ni "you". Cha zamani kilitofautisha kama sisi. "Thou" ni wewe mmoja unayefanya, "thee" ni wewe unayefanyiwa, "thy" na "thine" ni yako. "Ye" ni nyinyi. Na kitenzi kinabeba alama ya mtu kama chetu kinavyobeba, sisi tunaweka "u-" mbele tukasema unajua, wao waliweka "-st" nyuma wakasema "thou knowest". "Hath" na "doth" ni ya yule wa tatu, ile "-th" ya nyuma ni kama "a-" yetu ya mbele. Basi, umemaliza.

Kilichobaki ni adabu. Wakati wa Shakespeare "you" ilishakuwa ya heshima hata kwa mtu mmoja, na "thou" ikabaki ya mdogo wako, ya mpenzi, ya Mungu, au ya mtu unayetaka kumtukana. Kwa hivyo watu wawili wakiwa wanaitana "you" halafu ghafla mmoja akasema "thou", simama hapo, kuna kitu kimetokea baina yao, ama mapenzi yamewaka ama kisu kiko karibu kutoka. Na "wherefore" ni kwa nini, si wapi, Juliet, yule msichana wa Shakespeare aliyesimama kwenye roshani usiku, hakuwa anamtafuta Romeo yuko wapi, alikuwa anauliza kwa nini jina lako liwe hilo la ukoo wa maadui zetu.

Na "hither", "thence", "whither"?

Ni mchezo mwepesi. "Hither" ni kuja huku, "thither" ni kwenda kule, "whither" ni kwenda wapi. "Hence" ni kutoka hapa, "thence" kutoka pale, "whence" kutoka wapi. H ni hapa, th ni pale, wh ni swali.

Nakariri maneno 20 kwa siku na wiki ikiisha sina hata moja. Nina kasoro gani?

Huna kasoro, njia ndo mbovu. Mimi mwenyewe shuleni tulikuwa tunapewa maneno 20 kila Jumatatu yameandikwa ubaoni na maana yake ya Kizungu pembeni, Ijumaa mtihani, ukikosa unasimama nje, na neno lenyewe hatukuliona hata siku moja ndani ya sentensi ya mtu aliyelihitaji. Nilipata alama nzuri na mpaka leo mengi yao siyakumbuki, naumia nikifikiria ule wakati ungetumika kusoma hadithi moja nzuri.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana na akachapisha matokeo 1885. Aliona kusahau kunakwenda kasi sana mwanzoni halafu kunapungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurundika kwa mpigo mmoja. Lakini sisi hili tulilijua madrasa kabla ya kumsikia huyo Mjerumani, maalimu hakupi aya mpya mpaka umsomee ya jana, na kila baada ya siku unarudi nyuma unadurusu ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Fanya vilevile na maneno. Daftari moja, maneno matatu au manne kwa siku tu, na kila neno liandike na sentensi yake nzima kutoka kitabuni pamoja na jina la anayesema na alikuwa anamwambia nani. Kesho ufunike maana ujaribu, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu mwezi. Maana iandike kwa Kiswahili chako, kile cha nyumbani, si cha kamusi. Neno "taciturn" niliandika "mtu wa kunyamaza, kama babu mvuvi", na halijaniponyoka tena.

Hii habari ya mizizi ya Kilatini inasaidia kweli?

Inasaidia sana, na inasaidia zaidi sisi kuliko watu wengi, manake sisi tumezoea neno moja kuzaa ukoo. Pika, pikia, pikisha, pikika, mpishi, mapishi. Tena tuna ile ya Kiarabu, kitabu, katibu, maktaba, mtu akiangalia anaona k-t-b imekaa ndani kama uti wa samaki. Kilatini ni hivyo hivyo. Ukijua "loqu" au "locut" ni kusema, unafungua "loquacious" msemaji sana, "eloquent" msemaji mzuri, "soliloquy" maneno ya mtu anayesema peke yake jukwaani, "circumlocution" kuzunguka mbuyu badala ya kusema. Ukijua "anim" ni nafsi, basi "magnanimous" ni nafsi kubwa, mtu wa kusamehe, "pusillanimous" ni nafsi ndogo, mwoga, na "equanimity" ni nafsi iliyosawazika isiyoyumba na habari.

Kwa nini Kizungu kimejaa haya? Mwaka 1066 watu wa Normandy walivuka bahari wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, wasomi wanaandika Kilatini, na mwananchi anaongea Kizungu chake. Ndo maana wana maneno mawilimawili, la nyumbani na la rasmi, "ask" na "inquire", "begin" na "commence". Kwetu mtu wa kawaida amekufa lakini kwenye tangazo amefariki, ni tabaka mbili za lugha zimelaliana na kila moja ina adabu yake. Waandishi wa miaka ya 1700 na 1800 walipenda lile tabaka la juu, basi ukiona neno refu kwenye kitabu chao tafuta ndugu yake mfupi wa nyumbani.

Halafu kuna jambo ambalo nikilieleza watu huwa wanacheka kwa furaha. Mengine haya ni ndugu zetu wa damu.

"Cipher" na sifuri ni neno moja, zote zimetoka Kiarabu, na kwenye riwaya za zamani mtu akiitwa "a mere cipher" ni kwamba hana uzito ndani ya nyumba, ni sifuri tu. "Magazine" imetoka kwenye mzizi uleule wa hazina, na ndo maana kwenye vitabu vya kale si jarida la kusoma, ni ghala, sanasana la baruti. Robinson Crusoe, yule jamaa wa Defoe aliyekwama kisiwani peke yake, anaita stoo yake "magazine", na wanafunzi wangu walikuwa wanashangaa amepata wapi magazeti huko. "Monsoon" ni msimu, imepitia kwa Wareno ikafika Uingereza, lakini ni hiihii misimu yetu ya kaskazi na kusi inayoleta na kurudisha majahazi. Kandili asili yake ya mbali ni Kilatini cha mshumaa, na kutoka hapo Waingereza wakapata "candle" na "chandler", mwanzo mtengenezaji wa mishumaa, baadaye muuzaji wa vitu vya meli, nenda maeneo ya bandari Kilindini utayaona hayo maneno kwenye vibao vya maduka mpaka leo. Kasri na "castle" zinakutana kwenye neno la Kilatini la kambi ya jeshi.

Na gereza. Hii naipenda kuliko zote. Gereza imetoka kwa Wareno, "igreja", kanisa, na hiyo imetoka kwa "ecclesia" ya Kilatini, ambayo ndo imezaa "ecclesiastical" unayokutana nayo kila ukisoma riwaya yenye makasisi. Wareno walijenga Fort Jesus kuanzia 1593, na Waingereza wakaifanya jela kutoka 1895 mpaka 1958. Ukipita pale na watalii, ukisimama kwenye ua, una neno moja lililoanza kanisani likaishia kwenye pingu, na ndugu yake bado yuko kitabuni amevaa joho.

Maneno ya tabia za watu yananichanganya: "sanguine", "phlegmatic", "choleric", "melancholy".

Hayo yote ni ya hospitali ya zamani. Wagiriki waliamini mwili una majimaji manne, damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na afya ni hayo manne kuwa sawa. Elimu hiyo ikachukuliwa na matabibu wa Kiislamu, Ibn Sina aliieleza kwa urefu, ikarudi Ulaya kwa tafsiri za Kilatini, na ilikaa huko mamia ya miaka. Ikafika na kwetu, kwani belghamu tunayoikohoa ni neno la Kiarabu lililotoka kwa "phlegma" ya Wagiriki, na safura ni jina la Kiarabu la ile nyongo ya njano.

Basi mwenye damu nyingi ni "sanguine", mchangamfu na mwenye matumaini. Mwenye belghamu nyingi ni "phlegmatic", mzito, habari ikija hashtuki. Mwenye nyongo ya njano ni "choleric", hasira ziko karibu. Mwenye nyongo nyeusi ni "melancholy", na neno lenyewe kwa Kigiriki ni hilohilo, nyeusi na nyongo. Bandama nayo walidhani ni makao ya uchungu wa moyo, ndo ukapata "splenetic", mtu wa kununa na kukasirika. Hata "good humour" ni kwamba majimaji yako yamekaa vizuri leo. Kiswahili kinafanya vilevile, mambo yakiharibika tunasema yametumbukia nyongo.

Ukiwa na picha hii, riwaya nzima inafunguka, manake mwandishi akisema uso wa fulani ni "sanguine" anakupa rangi ya uso na tabia kwa mara moja. Na ukisoma daktari amekuja kumtoa mgonjwa damu kwa vikombe usidhani ni uchawi, ni kuumika, hijama inafanywa hapa hapa mjini mpaka leo.

Vipimo na pesa je?

Haraka haraka. "Fathom" ni pima, futi sita. "Cubit" ni dhiraa. "Span" ni shubiri. "Fortnight" ni wiki mbili. Pauni ilikuwa shilingi 20, shilingi ni peni 12, na "guinea" ni shilingi 21. Wazee wetu bado wanaita shilingi 20 pauni, waulizeni. "Waistcoat" ni kisibau. "Consumption" ni kifua kikuu, mtu akikohoa damu kwenye riwaya ya zamani jua hafiki mwisho wa kitabu.

Nitumie kamusi gani?

Programu ya bure kwenye simu inatosha kuanzia ila inakupa maana ya leo kwanza, na umeshaona juu hapo shida yake. Shuka mpaka chini ya ukurasa utafute alama ya "archaic", yaani la kizamani, au "obsolete", limeshakufa. Kamusi kubwa ya Oxford ndo baba yao, ilianza kutoka vipande vipande 1884 ikamalizika 1928, na kila neno inaonyesha lilitumika vipi mwaka gani, lakini ni ya kulipia. Kwa kitabu cha miaka ya 1700 mimi napenda kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, ina maneno zaidi ya 40,000 na inasomeka bure kwenye intaneti, na uzuri wake ni kwamba anakwambia neno lilimaanisha nini siku zile, na anakupa mifano kutoka kwa waandishi wa kabla yake.

Sina pesa ya vitabu.

Huhitaji. Waandishi hawa haki zao zimeshaisha, hapa Kenya sheria inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart 1971, inavyo bure kwa maelfu, na riwaya nyingi za maandishi matupu hazizidi MB moja au mbili, bando la shilingi chache linatosha mwezi mzima. LibriVox wanavyo vya kusikiliza, vimesomwa na watu wa kujitolea. Mimi nasikiliza kwenye matatu nikienda Bamburi huku macho yanafuata maandishi. Vitabu vya mitumba mjini navyo usivipite, wenye duka mara nyingi hawajui thamani ya vile vyenye majalada yaliyofifia.

Matamshi je?

Usiyahofu sana, unasoma, huhutubii. Ila machache yanachekesha: "gaol" inasomwa kama jela ya Kizungu ya kawaida, "jail". "Victuals" ni "vitolz", chakula. "Colonel" ni "kenol". "Boatswain" inasomwa "bosun", na baharia yeyote wa Kilindini atakwambia hivyo.

Sentensi moja imechukua nusu ukurasa, naisomaje?

Soma kwa sauti. Kisha tafuta nani amefanya nini, toa mengine yote kando, ukishapata huo uti rudisha nyama kidogo kidogo. Alama ya nuktamkato ichukulie kama mahali pa kuvuta pumzi.

Niyatumie kwenye insha au barua?

Mengi hapana. Kuna maneno ya kuelewa na maneno ya kutumia. "Candid", "magnanimous", "reluctant", haya yako hai, tumia. "Betwixt" na "hath" yaache kitabuni, mkubwa wako wa kazi hatajua umemheshimu ama umemtania.

Vitabu hivi vinatutukana sisi Waafrika. Kwa nini niendelee kuvisoma?

Swali la haki, na sitaki kulirahisisha. Utakuta "savage", "heathen", "blackamoor", utakuta mtu kama sisi ametajwa kwa sentensi moja kama mzigo. Defoe huyohuyo, mtu wake wa kisiwani merikebu yake ilivunjika akiwa safarini kwenda kununua watu Afrika. Mimi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Halafu nafungua, kwa sababu nataka kujua waliandika nini hasa, kwa neno gani, wakimaanisha nini, na mtu asiyejua maneno hayo hawezi kuwajibu. Andika neno daftarini na pembeni uandike lilitumika dhidi ya nani. Na kama kuna kitabu kinakuumiza kupita kiasi, kiache, viko vyengine elfu.

Nina miaka 52, si nimechelewa?

Hapana, na wewe una kitu ambacho wanafunzi hawana, umeishi na maneno mengi. Kitabu cha kwanza kitakwenda polepole, kurasa tano kwa jioni ni nyingi. Cha tatu cha zama zilezile utaona maneno ni yale yale yanakuja kukusalimia.

Bibi yangu hajui Kizungu hata kidogo, naye anapenda kukaa na mimi nikisoma. Ananisaidiaje?

Sana kuliko unavyodhani. Yeye bado anasema "ndia" na "nti" na "mato", anaelewa mashairi ya Muyaka bin Haji ambayo wewe unahitaji maelezo, kwa hivyo kichwa chake kimezoea lugha iliyokunjamana. Msomee kwa Kizungu uone sauti inavyomfikia, halafu mweleze kwa Kiswahili kinachotokea, na ukikwama kwenye kitu cha kale mwambie kinafanana na nini. Atakupa jina lake. Kisibau, dhiraa, belghamu, yote hayo mimi niliyapata barazani kwa mtu aliyevaa leso, si kwenye kamusi. Leo ukifika pale kitabuni penye mshumaa na giza, muulize bibi kandili ya kwao ilikuwa inatiwa mafuta gani.